Glukosi Tieni Kwenye Chai

Mchezaji akigongwa kichwa katika viwanja vya huku kwetu Nyeri, watu hukimbia na vitu viwili: ndoo ya maji baridi na pakiti ya glukosi. Maji humwagwa kichwani, glukosi humwagwa mdomoni. Kisha mtu fulani, ambaye mara nyingi ni mjomba wa mchezaji, hupaza sauti: "Ameamka! Endeleeni!" Nimeyaona hayo Othaya, nimeyaona Karatina, nimeyaona hata katika mashindano ya makanisa ambako refa alikuwa kasisi na hakuona lolote la kukemea.

Nawaandikia nyinyi mnaocheza raga na kandanda, mnaoshuka na baiskeli kwenye miteremko ya mlima, na nyinyi mnaobeba mkoba wa huduma ya kwanza mkidhani kazi yenu ni kufunga bendeji tu. Kazi hiyo niliifanya mpaka magoti yangu yakaanza kulalamika kuliko ya wachezaji wenyewe. Sitajifanya mnyenyekevu. Katika miji yote inayouzunguka Mlima Kenya hakuna aliyekisoma kichwa kilichogongwa kama nilivyokisoma mimi, na wengi wanaokijua leo walijifunza kwa kusimama karibu nami pembeni mwa uwanja, mvua ikitunyeshea.

Nilizaliwa Othaya, kwenye shamba la chai lenye mteremko mkali kiasi kwamba hata kuku wetu walikuwa na mapaja ya wakimbiaji. Nilienda ng'ambo kuosha wazee. Ndiyo, kuosha wazee, na sioni haya, kwa sababu wazee wa mji mmoja wa Wales walioga vizuri mikononi mwangu. Mchana nilikuwa nikiwageuza vitandani, jioni nilikuwa darasani, na nilirudi nyumbani na diploma ya tiba ya wanamichezo. Diploma, si digrii. Imetundikwa sebuleni mahali ambapo wengine hutundika picha ya arusi, na mgeni akiingia asipoiona, namhamishia kwenye kiti cha upande ule.

Aliyenifundisha kazi yenyewe, mbali na vitabu, alikuwa Dilys, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mbuzi walio mlima wa pili. Alikuwa mtabibu wa timu ya raga ya kijiji. Siku ya kwanza kunipeleka uwanjani alinikuta nimekodoa macho, namfuata mchezaji aliyekuwa akikimbia na mpira.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Mpira."

"Mpira una watu wa kutosha wa kuuangalia. Wewe mtafute anayechelewa kuinuka."

Hayo ndiyo masomo yangu yote kwa sentensi moja, na leo nawapa bure. Anayechelewa kuinuka. Anayeinuka akashika nyasi kana kwamba uwanja ni mashua. Anayetazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Anayeuliza swali, ukamjibu, kisha akauliza lilelile. Huyo mtoe, na siku hiyo asirudi, hata kama ni nahodha, hata kama ni mtoto wa mwalimu mkuu. Akitapika tena na tena, akisinziasinzia, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, akitetemeka mwili au kichwa kikizidi kumuuma, usimngoje mtu akushauri, hospitali. Akilalamikia shingo, usimwinue hata kama mashabiki wanakutukana. Nyasi hazijamuua mtu.

Na tafadhali acheni mchezo wa vidole. "Hivi ni vingapi?" Hata mlevi anayetoka baa hujibu vitatu, na mara nyingi ni vitatu kweli.

Naro Moru nilikutana na kosa ambalo naamini halifanyiki kwingine duniani. Palikuwa na mbio za wapagazi, wale vijana wanaobeba mizigo ya wapanda mlima. Mmoja wao, Gitonga, aliteleza kwenye jiwe akaangukia kisogo. Alipoanza kulalamikia kichwa na kichefuchefu, wenzake wote walikubaliana: ni mlima umemshika, ule ugonjwa wa hewa nyembamba ya juu. Huko kila kichwa kinachouma ni kosa la mlima. Wakaamua dawa ni ileile wanayowapa wageni: kumshusha chini na kumnywesha supu ya kitunguu saumu.

"Mmeshamshusha?" nikawauliza.

"Mathe, tulianzia hapa chini," mmoja akasema, akiniita mama kwa Kisheng na kukuna kichwa. "Hatujui tumshushe wapi tena."

Gitonga alipona, na mpaka leo wenzake humwita Kisogo. Lakini niliielewa akili yao. Watu hutibu kile wanachokijua. Kwao ni mlima. Kwa watu wa viwanja ni uchovu, ndiyo maana wanaleta glukosi. Wanaona mchezaji amelegea, wanasema nguvu zimemwisha, tumwongezee. Na hapa, vijana, ndipo mambo yanapokuwa matamu, kwa sababu hawajakosea kabisa. Nguvu kweli zina shida ndani ya kichwa kile. Ila shida si ile wanayoidhani.

Niwaeleze kama nilivyomweleza Mama Munene.

Munene alikuwa mchezaji wa shule moja ya wavulana hapa Nyeri, namba kumi, yule anayeamua mpira uende wapi. Nyumbani kwao ni Kutus. Alikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na mguu wake wa kushoto ulikuwa ukizungumzwa mpaka Nanyuki. Kwenye nusu fainali aliinama kumwangusha mtu, kichwa chake kikakutana na goti. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa vizuri, akaenda kujipanga na timu pinzani.

"Amehama!" mashabiki wakacheka. "Amenunuliwa!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa tayari ndani ya uwanja. Kocha wake, Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma mwenye mapenzi makubwa na raga na subira ndogo, alinifuata mbio.

"Madam, huyo ndiye macho yangu! Unanitoa macho?"

"Macho yako yamesimama upande wa nani sasa?"

Walishinda bila yeye, kwa shida. Fainali ilikuwa Jumamosi iliyofuata, na habari zilishafika kwamba wateuzi wa timu ya taifa ya vijana wangekuja kutazama. Kila mtu alijua wanakuja kumtazama nani. Munene hakuwa na mwaka mwingine. Asipocheza Jumamosi ile, hawangemwona tena.

Zamani tulifundishwa kumfungia mtu wa namna hiyo kwenye chumba chenye giza, asisome, asitembee, mpaka achukie maisha. Sayansi ikageuka, nami nikageuka nayo; anayeng'ang'ania alichofundishwa ujanani ni jiwe, si mtaalamu. Siku moja au mbili za kutulia, kisha matembezi mepesi, kisha baiskeli polepole, ukipanda ngazi moja moja na kushuka ukiona dalili zimerudi. Munene alifuata. Katikati ya wiki hakuwa na maumivu tena akiwa ameketi. Hospitali walipiga picha ya kichwa, ikatoka safi.

Ijumaa wakanijia wote watatu kwenye benchi langu kando ya uwanja. Mwalimu Wafula aliishika ile picha ya hospitali kama cheti cha ubatizo. Mama Munene, mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijani, anayelima nyanya kando ya mto karibu na Kutus, alikuwa na mkoba uliojaa glukosi. Munene mwenyewe alikuwa akirukaruka ili nimwone alivyo mzima.

"Mama Wangechi," mama akaanza, "mimi nimetoka mbali. Kichwa yake iko sawa, hata picha imesema. Kama ni nguvu, niko nazo hapa. Mtoto amekunywa glukosi tangu jana. Sasa ni nini ingine unataka?"

"Mama Munene, kaa hapa. Shamba lako liliwahi kufurika?"

"Ati kufurika? Mwaka ule wa mvua mto uliingia mpaka kwa jikoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikawasha pampu. Ilinguruma kutwa kucha ikitoa maji."

"Ilikunywa dizeli?"

"Ilikunywa kama mlevi. Na barabara ilikuwa matope, gari la dizeli halipiti."

Nikamwambia, basi umeshajua kilichotokea kwa Munene. Ubongo ni sehemu ndogo ya mwili, lakini hula karibu sehemu moja kwa tano ya nishati yote tunayotumia tukiwa tumepumzika. Kila seli ya ubongo ni kama shamba lenye kingo. Kuna chumvi za kukaa ndani na chumvi za kukaa nje, na pampu ndogo zinalinda mpaka huo mchana na usiku. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, kingo zinapasuka. Chumvi za ndani zinatoka, za nje zinaingia, mafuriko. Pampu zote zinawaka kwa pamoja ili kuvirudisha vitu mahali pake, na zinachoma glukosi kwa pupa. Wakati huohuo damu inayoleta glukosi na hewa inapungua, kama barabara yako yenye matope. Mahitaji yamepanda, njia imekuwa nyembamba.

"Ndio maana tunamwongeza," akasema, akigusa mkoba wake.

"Ngoja. Mafuriko yalipoisha, pampu yako ilikuwaje?"

"Ilikuwa inakohoa. Fundi alisema matope yameingia kwa injini."

"Ungeijaza dizeli mpaka juu, ingenguruma?"

"Ingeharibika kabisa."

"Basi."

Maana baada ya ile pupa ya mwanzo, vijana, ubongo hushuka chini ya kawaida. Vinu vidogo ndani ya seli, vinavyoigeuza glukosi kuwa nguvu, vimeziba kwa kalisi, mojawapo ya chumvi zile, iliyoingia wakati wa mafuriko. Kwa siku nyingi, na kwa wengine kwa majuma, hasa nyinyi wenye umri mdogo, vinasaga polepole. Sukari ipo kwenye damu, tele. Wa kuisaga ndiye aliyechoka. Na picha ya hospitali haikosei, ila haikupigwa kwa ajili ya hilo. Hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Ukiipiga picha pampu yako iliyojaa matope, itaonekana pampu nzima, nzuri, yenye rangi.

Na hatari kubwa ni hii: pigo la pili likimkuta mtu kabla vinu havijafunguka, ubongo hauna akiba ya kujitetea. Wapo ambao hawakuinuka tena.

"Lakini yeye hasikii maumivu," Mwalimu Wafula akasema. "Amenihesabia hesabu za darasani zote."

"Akiwa ameketi, Mwalimu. Aliyeketi hutumia nguvu kidogo, zinamtosha. Fainali haichezwi watu wakiwa wameketi."

"Mathe, niko fiti," Munene akaingilia. "Naapa. Niulize kitu chochote."

"Nitajie miji kutoka Nanyuki mpaka kwenu."

Alitaja bila kupumua: Nanyuki, Naro Moru, Kiganjo, Karatina, Kagumo, Kerugoya, Kutus. Mama yake akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikasimama. Shule ile ina uwanja bondeni na kanisa dogo juu ya kilima, na kati yake kuna njia ambayo wanafunzi huilaani kila asubuhi. Munene alikuwa amekwisha kutembea na kuendesha baiskeli. Mbio za wastani ndizo zilizokuwa ngazi iliyofuata. Sikumwahidi mtu kwamba akifika juu atacheza. Kwangu jibu lilikuwa hapana tangu Jumamosi. Lakini mzazi haambiwi tu, huonyeshwa. Nawaonya pia: msimjaribu mwenzenu hivyo bila mtu aliyefunzwa kuwa kando yake.

"Kimbia mpaka kanisani. Wastani, si za kufa. Kichwa kikiuma, simama."

Akakimbia vizuri, mrembo wa miguu. Sisi tulipanda nyuma yake, mama akihema na kumtaja Bwana. Tulipofika, Munene alikuwa ameshika nguzo ya mlango wa kanisa kwa mkono mmoja, jua la kawaida la Nyeri, ambalo halimsumbui hata ndama, likimfanya akunje uso.

"Miji," nikasema.

"Nanyuki." Akameza mate. "Naro Moru. Kiganjo..." Akatafuta. "Karatina. Kagumo. Kerugoya."

Tukangoja.

"Endelea," mama akamwambia.

"Imeisha, mami."

"Imeisha wapi?"

"Kerugoya. Ndio mwisho."

"Na mimi nalala wapi, Munene?"

Alicheka, akidhani mama anatania. Kisha akaona kuwa mama hacheki. Nikaona macho yake yakitafuta, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo alioushika sasa hivi. Jina la mji aliozaliwa lilikuwa mle kichwani, halikupotea. Nguvu za kulifikia ndizo zilizokuwa zimeliwa na kile kilima.

Mama Munene aliifunga zipu ya mkoba wake wa glukosi. "Hachezi," akasema.

Mwalimu Wafula alipiga teke kijiwe, kikaenda mbali. Kisha akasema, bila kutuangalia, "Basi Kirui atavaa namba kumi," akashuka kilima kwenda kumtafuta Kirui.

Munene ndiye aliyebaki. "Mathe," akaniambia taratibu, "umenimaliza."

Kwa hali ile hata ukimjibu mtu vizuri, atasahau ulichosema na kukumbuka kwamba ulibishana naye. Nilimketisha kivulini, nikakaa naye mpaka uso ukakunjuka.

Fainali ikapotea. Kirui alipiga mkwaju wa mwisho, mpira ukagonga mlingoti na kurudi kana kwamba umesahau kitu. Wanafunzi walinitungia wimbo palepale, wa kunirudisha Wales na mkoba wangu, tena kwa sauti nne. Wimbo ulikuwa mzuri, nikaingia sauti ya tatu. Wateuzi waliandika majina mengine na kuondoka. Munene hakuwahi kuvaa jezi ya taifa, na sitawadanganya kwamba alilipwa kwa njia nyingine. Ilikuwa hasara, naye aliibeba.

Tuliendelea na ngazi zetu, yeye na mimi, mara nyingi bila kusemeshana. Shule zilipokaribia kufungwa alinijia mwenyewe benchini. "Nipeleke kilimani," akasema. Alikimbia, safari hii kwa kasi yake yote, na aliponiona natokea juu hakungoja niulize. Nanyuki, Naro Moru, Kiganjo, Karatina, Kagumo, Kerugoya, Kutus. Hakusimama hapo. Kimbimbi, Wang'uru, akaendelea mbele kwa madaha mpaka nikamwambia, "Shuka, tumefika." Hapo ndipo alipocheka nami kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Leo Munene ni mwalimu wa michezo kule Kutus na anafunza wasichana raga. Muhula uliopita alinialika niwaone wakicheza. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, shali mabegani, kikombe cha chai mkononi, kama wazee wanavyotakiwa kukaa. Macho yangu, kwa mazoea, hayakuwa kwenye mpira. Ndiyo maana nilimwona kabla ya wengine: msichana namba tisa, ameanguka, amechelewa kuinuka, ameshika nyasi.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye fimbo yangu ya kutembelea. Baba yake msichana alinipita mbio, pakiti ya glukosi juu juu kama bendera. Lakini Munene alikuwa mbele yetu sote, ameshapiga magoti, ameshamwonyesha refa ishara ya kubadilisha.

"Mwalimu, niko fiti!" msichana akalia. "Nirudishe!"

"Hata mimi nilikuwa fiti," Munene akamwambia. "Nilikuwa fiti nikasahau mama yangu anaishi wapi. Utacheza, lakini si leo." Kisha akamgeukia baba, kwa upole wote. "Mzee, asante. Hiyo glukosi tieni kwenye chai."

Jirani yangu, mama wa mchezaji mwingine, alinigusa bega, akiniita nyanya kwa Kikuyu. "Cucu, si wanasema wewe ni daktari? Huendi kusaidia?"

"Diploma," nikamrekebisha. "Na siendi. Fundi yuko uwanjani."

Nikaiweka fimbo chini, nikaegemea kiti. Yule baba akarudi taratibu, pakiti mkononi, hajui aipeleke wapi. Nikamnyooshea kikombe changu.

"Lete hapa, baba. Hii chai yao haina sukari."